Fahali wa Nadhiri

Nilipoupasua moyo wa yule fahali nilikuta vijifuko vyeupe, vinene kama punje za mchele, na kabla kisu hakijafika mwisho nilijua siku ya baba yangu imeharibika. Nikapasua shavu, ulimi, bega. Kote vilikuwamo. Minyoo ya tegu haijali shughuli ya mtu.

Nje ya machinjio watu walishaanza kufika na mabeseni yao. Wengine walitoka Dallas, mtaa wetu wa hapa mjini, wengine hata sikuwajua.

Baba, Jamaldin, ndiye aliyechinja. Alikuwa na miaka thelathini na moja kwenye kazi hiyo hapa Embu, na bado alimsomea kila mnyama bismillahi kana kwamba ndiye wa kwanza. Mimi, Zuleka, mwanawe wa pekee, kaunti ilinileta hapo hapo kuwa mkaguzi wa nyama. Alipenda kujitapa kwa wenye mabucha kwamba yeye huihalalisha na binti yake huipigia muhuri, basi mteja ataka nini tena! Lakini alijua kwamba tangu nirudi kutoka chuo sikuwa nikiswali. Hatukuwahi kugombana juu yake. Niliacha tu, polepole, jinsi mtu anavyoacha sukari kwenye chai.

Fahali alikuwa wa nadhiri. Mwaka uliotangulia uvimbe wa shingo ulimnyang'anya mama sauti, na baba akamwahidi Mungu kwamba siku atakayosikia tena jina lake kinywani mwa mkewe, atachinja fahali alishe maskini. Mama alipasuliwa, akapona, akaita "Jamal" kabla hata hajaomba maji. Nilipomwambia baba hiyo ni kazi ya daktari, alinicheka.

"Daktari nilishampelekea mguu ya mbuzi. Sasa ni zamu ya mwenye alimpatia hiyo mikono."

Rafiki yake Gichovi, mfugaji wa Mbeere asiyekosa kanisa hata Jumapili moja, ndiye aliyemtunza yule fahali mwaka mzima, ukame ukiwepo, kwa maji ya kuchota mbali. Sasa alisimama mbele yangu akipindapinda kofia yake.

"Daktari, si uangalie tena? Hiyo ng'ombe nimelisha na mkono yangu."

"Nimeangalia, Mzee. Imejaa."

Baba mdogo, Idrisi, akapaza sauti wote wasikie. "Mtu haswali, na ndiye anakataa ng'ombe ya Mungu!"

Nilimtazama baba. Angesema neno moja tu, "pitisha," na kusema kweli sijui ningefanya nini. Alisogea, mikono bado ina damu, akainamia ule moyo niliokuwa nimeushika.

"Na ikipikwa vizuri?"

"Baba, hao ni watu mia mbili. Kuna mwenye hataivisha."

Alikigusa kijifuko kimoja kwa kidole. Kisha akamgeukia ndugu yake. "Mungu hakuli nyama, Idrisi. Wenye watakula ni hawa. Zuleka akisema hapana, ni hapana."

Akachukua jembe yeye mwenyewe. Tulimkatakata fahali wa nadhiri, tukammwagia rangi ili mtu asije akamla, tukamfukia kwenye shimo nyuma ya ukuta, na watu wakarudi makwao na mabeseni matupu. Baba hakulia. Ila alipoegemea jembe nilimsikia akisema taratibu, "Ya Rabi, umeona nilileta."

Wakati wa alasiri ulipoingia alitawadha, akatandika mkeka kwenye sakafu safi kando ya mfereji.

"Kuja tuswali, mama. Ni rakaa nne tu."

"Siwezi kusema kitu siamini, Baba. Ni kama nipige muhuri na sijakagua."

Nilijivunia jibu hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na nilidhani ukweli ni wa kumpiga nao mtu usoni.

"Sijakuambia useme," alinijibu. "Simama tu hapo nyuma yangu."

Nikaendelea kuosha visu ambavyo vilikuwa safi tayari. Aliswali peke yake, bila haraka. Alipokwisha kutoa salamu kulia na kushoto aligeuka akatazama nyuma, halafu akakunja mkeka, akaniuliza kama nimekula.

Hakumaliza mwaka. Presha ilimchukua asubuhi moja akiwa anavaa viatu vya kazi.

Sijaanza kuamini. Nikipasua moyo leo, natafuta kile kile nilichokitafuta siku ile, na najua nilikuwa sahihi. Baba alikuwa wa kwanza kusema hivyo, mbele ya ndugu yake na umati mzima, nadhiri yake ikiwa chini imepasuliwa. Yeye aliniamini kwa jambo asilolisomea. Mimi sikuweza kumpa hata miguu yangu kwa dakika kumi. Ninamkumbuka baba yangu hadi kifua kinaniuma.

Siku ya maziko walimtoa nyumbani adhuhuri. Kwetu wanawake hawafuati jeneza wala hawaendi makaburini, kwa hiyo nilibaki langoni, nimemshika mama mkono, wanaume wakajipanga safu na kuondoka naye. Nafasi ya kusimama nyuma yake nilipewa mara moja tu, nami nilikuwa na visu vya kuosha.