Tajiri wa Chukudu

Hategekimana alikuwa na bohari tatu za viazi na nyumba ya ghorofa mjini, mtaa wa Keshero, lakini mke hana. Wanawake waliomjia walilisifu gari lake kwanza, yeye baadaye. Basi tajiri wetu akaona dawa ni kujificha. Akaazima chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, akavaa suruali iliyochanika, akapanda mlimani Kibumba kubeba kabichi za watu. Akajiita Théogène.

Huko alipata mzigo kwa Umugwaneza, mjane mwenye shamba lake na ulimi wake. Wiki ya kwanza mama huyo alimcheka jinsi alivyoteremka mlima huku amefumba macho. Wiki ya tatu alianza kumwekea maharage ya moto. Kufika wiki ya sita Hategekimana alikuwa hoi kwa mapenzi na hoi kwa hofu. Akisema kweli, atafukuzwa kwa uongo wake. Asiposema, ataoa kwa jina lisilo lake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Kibumba ina kona nyingi, naye akazidi kuahirisha.

Jumapili moja Umugwaneza akamwita nyumbani kuzungumzia posa, mbele ya mjomba wake, mzee Habarurema, ambaye ndiye angepokea mahari.

"Muzee," Umugwaneza akaanza, "uyu mwanaume usimuombe ng'ombe. Alikuwa tajiri, akaanguka. Anasikia haya, njo maana anajificha mu kazi ya chukudu."

"Nani alikuambia?" Hategekimana akauliza.

"Goti yako. Mutu wa chukudu anapiga goti juu ya mbao mwaka muzima, linakuwa gumu sawa kisigino. Yako ni laini sawa ya mutoto. Nilijua toka siku ya kwanza. Kanisa nzima inakuombea."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Zamani, mutu mwenye kukosa ng'ombe alileta jembe. Na wewe utaleta jembe moja, mutoto yangu."

Hapo aibu ikamshinda. Akatoboa yote: jina, bohari, gari, nyumba.

"Nimefunga siku tatu juu ya umaskini yako!" Umugwaneza akapiga kelele.

"Unisamehe, mama. Niliogopa utapenda mali."

"Mali gani? Nilipenda mutu mwenye kuogopa mulima, na kila asubui anarudia." Akajaribu kununa, kicheko kikamponyoka.

Mzee akakohoa. "Kama ni vile, ng'ombe kumi."

"Hapana, muzee. Umesema jembe. Nilimukubali na jembe, nitaolewa na jembe."

Mzee akakubali shingo upande, maana neno la mkubwa likishatoka halirudi. Hategekimana alilia kwa furaha bila kujificha.

Kesho yake alizunguka maduka manne akichagua jembe. Hajawahi kuchagua gari kwa makini namna ile.