Mzunguko wa Kocha Bwire

Mimi ni mtu wa domo, sikatai. Pale Mbotela ukiuliza Laban fundi wa kuchomelea ni yupi, utaambiwa fuata kelele. Na kwa miaka kumi na miwili kelele zangu zilikuwa na wimbo mmoja: kwamba Bwire ndiye kocha mbaya kuliko wote waliowahi kuifunza Karakana FC. Nilisema hivyo kwa kinyozi, nilisema hivyo nikiwa na mtungi wa gesi begani, nilisema hivyo hata kwenye harusi ya dada yangu mbele ya mchungaji. Na muda huo wote nilijua ni uongo. Aliyeiangusha Karakana siku ile ni mimi.

Sasa Bwire alikuwa amekufa. Jumamosi asubuhi tulikuwa tumeketi kwenye chumba cha klabu kando ya uwanja, wanachama kama thelathini hivi, tukibishana kama apewe mzunguko au anyimwe.

Mzunguko ndiyo heshima yetu ya mwisho. Mchezaji au kocha wa Karakana akifa, gari la maiti haliendi moja kwa moja mashambani. Linapitia uwanjani kwanza. Tunateremsha jeneza, tunalifunika jezi ya kijani, tunalibeba mabegani na kuzunguka uwanja mara moja tukifuata mstari wa chokaa. Hakuna hotuba, hakuna wimbo. Hata kipa wetu mmoja aliyekuwa akidaka mipira amelewa chakari tulimbeba, na watu walilia.

Mjane wa Bwire, Mama Ayuma, alikuwa ameomba hilo tu. Gari lilikuwa limeegeshwa langoni tangu saa tatu, jeneza ndani, yeye na mabinti zake wamekaa humo humo. Safari yao ilikuwa ya Funyula, kijijini kwao, na dereva alishasema hataki giza limkute njiani Timboroa, kwa ukungu wa kule.

"Dakika kumi tu, mama," mwenyekiti wetu Opicho alimwambia. "Wanachama wana maneno kidogo."

Maneno kidogo! Mtu asiyeijua Karakana angeamini.

Lazima niwaeleze kuhusu Opicho, maana kila kitu kinaanzia kwake. Mwaka 2012 alikuwa mshambuliaji wetu, na sijaona mguu kama ule tena. Tulibaki na mechi moja kupanda daraja, dhidi ya timu ya Muthurwa. Kipindi cha kwanza Opicho akafunga. Jukwaani walikuwepo watu wawili wa klabu kubwa waliokuja kumtazama yeye. Mapumzikoni Bwire akamtoa, bila maelezo. Tukafungwa matatu. Wale wageni wawili wakaondoka kabla ya filimbi, na hakuna aliyewahi kumtafuta Opicho tena. Mpaka leo anauza mitumba Muthurwa.

Jioni ile nyumba ya Bwire ilipigwa mawe. Wiki haikuisha, akahamia Mukuru kwa Njenga na familia yake, akawa mtu wa kusimama kwenye mageti ya viwanda kila alfajiri akingoja kuitwa kibarua, mpaka kifua kikamkataa.

Na kwa nini alimtoa Opicho? Kwa sababu mimi, beki wake wa kulia, nilimfuata mapumzikoni nikamvuta kando. Nilimwambia kwamba siku mbili kabla nilimwona Opicho nyuma ya vibanda vya Muthurwa, meneja wa timu ya wapinzani anampa kitu kimefungwa kwa gazeti, wanapeana mikono, wanacheka. Siku hizo kila mtu Eastlands alikuwa akizungumzia mechi zinazouzwa. Mtu akikosa goli la wazi, ameuza. Na Opicho alikuwa amekosa goli moja la wazi mbele ya macho yangu.

"Una hakika?" Bwire akaniuliza.

"Kwa macho yangu, kocha. Huyu ametuuza."

Baada ya mechi watu walimzingira wakitaka sababu. Alinitazama. Nikaangalia viatu vyangu. Akasema, "Uamuzi ulikuwa wangu." Basi. Hakutaka kumchafulia kijana jina kwa jambo ambalo hakuwa na ushahidi nalo, ila mdomo wangu.

Miezi miwili baadaye tulimzika mama yake Opicho, na pale matangani nikamwona yule meneja wa Muthurwa akibeba viti. Nikauliza anahusikaje na msiba. Nikaambiwa ni shemeji yake Opicho, ameoa dada mkubwa, na ndiye aliyekuwa akimtafutia marehemu dawa za miti shamba. Ningeweza kusema siku ile. Sikusema. Nilirudi Mbotela nikaanza kumtukana Bwire kuliko mtu yeyote, ili asiwepo wa kuniuliza chochote.

Tuendelee na mkutano. Opicho alisema tupime kwa haki: tulinganishe makocha wabaya wote, tuone kama huyu amezidi. Ngigi kinyozi akaruka wa kwanza.

"Maina je? Mmemsahau Maina? Alitufungisha siku tatu kabla ya mechi, ati tunamwomba Mungu ushindi. Mimi nilizimia kwenye kona! Nilikuwa naenda kupiga kona, nikaona bendera mbili!"

Watu wakacheka mpaka mabati yakatikisika.

"Na Maingi aliyepanga kikosi kwa ndoto za mke wake?" mwingine akadakia. "Mama akiota namba saba ameanguka mtoni, namba saba anakaa benchi!"

Vicheko tena. Saa moja ikapita hivyo, aki ya Mungu, na mtu amelala kwenye jeneza hatua mia kutoka kwetu. Nje honi ikalia mara mbili.

"Lakini Maina alibebwa," Ngigi akasema, akikauka uso. "Na Maingi akifa tutambeba. Hao walikuwa wajinga tu. Bwire alituua akiwa na akili zake. Laban, sema. Wewe ndiye mwenye faili ya huyu mtu."

Wote wakanigeukia, wakitabasamu, wakingoja vichekesho vyangu vya kila siku. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Mnajua ninavyofikiri." Mwoga wa mwisho! Nilijichukia hapo hapo, na bado sikuongeza neno.

Mama Ayuma akatokea mlangoni, leso nyeusi kichwani. "Mwenyekiti, dereva anatazama saa."

"Tunapiga kura sasa hivi, mama."

Alizungusha macho chumbani taratibu hadi yakanifikia mimi, yakatulia. Halafu akarudi kwenye gari.

Opicho akauliza nani anataka Bwire anyimwe mzunguko. Mikono ikapanda. Na mkono wangu ukapanda pia. Sina la kujitetea. Ulikuwa umezoea. Kumi na saba dhidi ya kumi na mbili.

"Basi," Opicho akasema. Hakufurahi. Alionekana amechoka tu. Akainuka aende kumwambia mjane.

"Opicho, ngoja," nikasema. "Ni mimi niliyemwambia akutoe."

Nikasema yote, nimesimama. Muthurwa, gazeti, mapumzikoni, matanga. Ngigi akaanza kucheka. "Wacha bana, Laban. Mtu akifa unajitia huruma? Si wewe uliyempa jina la Mchawi wa Mbotela?" Wengine wakapiga kelele kwamba nimelewa, wengine kwamba najisingizia. Iliwachukua muda mrefu kuniamini, kwa sababu niliwazoesha uongo ule ule miaka yote. Nililazimika kurudia mara ya pili, na ya tatu, nikitaja rangi ya shati alilovaa shemeji yake Opicho siku ile.

Opicho peke yake hakupiga kelele. Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Lile gazeti lilikuwa na mizizi ya kumchemshia mama," akasema. "Kwa nini hukuniuliza mimi? Tulikuwa tunalala chumba kimoja, Laban. Ungeniuliza tu."

"Sijui."

"Nimemlaani yule mzee kila nilipokunja nguo ya mtu mwingine pale sokoni. Alikuja kunisalimia kibandani mwaka juzi, nikamtemea mate miguuni." Nilitaka anipige. Afadhali angenipiga. Alinipita akafungua kabati, akatoa jezi ya kijani. "Kura imefutwa. Twendeni tumbebe mtu wetu."

Watu walitoka mbio, hata Ngigi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilipofika langoni niliwakuta wamesimama tu. Mahali pa gari palikuwa na doa la oili na mwenye kibanda cha mahindi, aliyetuambia wameondoka zaidi ya nusu saa iliyopita, mama alisema asituite.

Opicho akapiga simu, akaiweka kwenye spika. Mama Ayuma akapokea. Tulisikia gari likinguruma.

"Mama, tafadhali mrudi. Tumekosea sana. Laban ameeleza kila kitu. Mko wapi, tuwafuate?"

"Tumeshafika Kangemi. Msitufuate. Laban yuko hapo?"

Opicho akanisogezea simu.

"Niko hapa, mama."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Leo?"

"Leo, mama."

"Mimi nimejua tangu usiku ule wa mawe," akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza. "Alinikataza kukutaja. Alisema kijana alikosea, ataona haya, atakuja mwenyewe nyumbani. Miaka ya kwanza alikuwa akiniuliza akitoka kazini kama kuna mgeni amefika. Baadaye akawa haulizi, anatazama tu kiti cha wageni. Wiki iliyopita hospitalini mtu aliingia wodini, kumbe ni wa kitanda kingine. Akajaribu kuketi. Akaniambia, nipe shati, Laban amekuja."

Nilitaka kumwambia pole, lakini alikuwa amekata.