Uji wa Mwasiti Kwenye Gari la Mheshimiwa

Usiku wa jana niliota nimepewa lifti na jirani yangu, Mheshimiwa Mbaruku, aliyekuwa mkurugenzi zamani. Gari ni lile lile lake la Kimarekani la miaka ya sabini, ambalo siku zote limekaa juu ya mawe uani kwake: milango miwili, paa la ngozi, boneti ndefu kuliko nyumba yangu. Mimi niko kiti cha nyuma na chupa ya uji wa pilipili manga. Binti yangu Mwasiti kajifungua huko Segera, na mzazi hanywi uji uliopoa.

Tunakwenda. Boneti inatangulia.

"Nimefika Segera," inasema boneti. "Mwasiti anauliza uji."

Sisi wa nyuma bado tuko Muheza.

Watu barabarani wanampungia Mheshimiwa mkono. Kakaa kulia, wanadhani ndiye dereva. Usukani wa Kimarekani uko kushoto. Kushoto hakuna mtu.

"Nani anaendesha?" nauliza.

"Bibi, hilo hatujawahi kuulizwa," linajibu gari.

Hatimaye nasi wa nyuma tunafika. Nataka kushuka, mlango sioni.

"Wa nyuma hushuka wa mbele akiinuka," linasema gari. "Ndio utaratibu."

"Mheshimiwa, naomba unipishe."

"Bibi nawe. Kwani nina muda gani hapa? Ndiyo kwanza nakaa." Ndevu zake zimefika magotini.

Nagusa kidirisha cha ubavuni.

"Hicho ni cha wewe kuonekana," linasema gari. "Hakifunguki."

Kichanga nasikia kinalia. Chupa inapoa mikononi mwangu. Hapo nikakumbuka la darasa la tatu: filimbi ya kushusha bendera ikilia, kila mtu, hata awe nani, husimama wima. Nikatia vidole mdomoni, nikaipiga.

Mheshimiwa akasimama. Kichwa kikatoboa paa. Kiti kikajikunja chenyewe, nami nikapenya chini ya kwapa lake.

"Imekwisha, Bibi?" akauliza huko juu.

"Bado. Tulia hivyo hivyo."

Nikaamka. Chupa haipo rafuni. Simu inaita, Mwasiti.

"Mama, uji nimeunywa wa moto. Kauleta nani?"

Kabla sijajibu nikachungulia dirishani. Mheshimiwa yuko uani kwake, mikono ubavuni, wima kama nguzo, utosini ana nundu.

"Shikamoo, Bibi," akasema bila kugeuza shingo. "Imekwisha?"