Kinyama cha Pili

Uvimbe ulianzia shingoni, chini ya sikio la kushoto, na kaka yangu akaufanyia mzaha. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, karakana nzima ikimwita Cheche, na aliwaambia wenzake kwamba ameotesha nati ya akiba. Alipoanza kulowesha shuka kwa jasho na suruali zikamvuka kiunoni, mzaha ukapungua. Tukaenda hospitali, yeye, mama na mimi. Baba mdogo akatufuata bila kuitwa.

Baba mdogo na marehemu baba waliianzisha ile karakana pamoja, na baba alipofariki sehemu yake ikawa ya Cheche. Tangu hapo baba mdogo alikuwa akimtazama kaka kwa jicho la pembeni, hasa watu waliposema kwamba kijana huyu hakufanana na mtu yeyote wa upande wao.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alitueleza kwamba kinyama kilichokatwa shingoni kimeonyesha saratani ya tezi za limfu, lakini saratani hiyo ina aina nyingi na dawa zake hazifanani. Ili ajue ni aina gani alihitaji kipimo cha vinasaba. Bahati mbaya kinyama kile kilikaa kwenye dawa ya kuhifadhia kupita kiasi, vinasaba vikaharibika, na maabara haikuweza kusoma kitu. Walitaka kinyama cha pili, safari hii kutoka kwapani.

Kisha akauliza kama katika ukoo kuna mtu aliyewahi kuugua hivi. Mama akajibu hakuna. Alijibu kabla swali halijafika mwisho, na nikaviona vidole vyake vikikunja na kukunjua ncha ya mtandio.

Baba mdogo, aliposikia habari za vinasaba, alikaa wima. Akataka kujua kama kipimo hicho huonyesha mtu ni mtoto wa nani. Daktari akasema hapana, hiki hakitafuti hilo. Akachora vijiti viwili kwenye karatasi. Ndani ya kila seli, alisema, mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Katika ugonjwa huu kipande cha uzi mmoja hukatika na kuungwa kwenye uzi mwingine, na kuanzia hapo seli inazaana bila kujua kusimama. Maabara hutia rangi mbili pande zote za mahali panaposhukiwa. Rangi zilizotakiwa kukaa pamoja zikionekana zimeachana, basi pamekatika.

"Kumbe kuna fundi humu ndani," Cheche akasema, "anachomelea vyuma visivyohusiana. Na hakuna aliyemtuma."

Daktari alicheka. Baba mdogo hakucheka.

Tulipofika nyumbani mama akakataa katakata. Alisema waliokiharibu cha kwanza watakiharibu na cha pili, tena nani ajuaye kama hawakukipoteza wakaona haya kusema. Cheche alikuwa mtu mzima, angeweza kwenda mwenyewe, lakini hakuwa tayari kukatwa bila kauli ya mama. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Daktari alipiga simu, akapiga tena. Dawa ya kawaida ilikuwepo, alisema, ila kama hii ni ile aina kali, dawa hiyo haitaiweza, naye hakutaka kubahatisha.

Baba mdogo akaanza kuja kila jioni na matunda mkononi, mpole kuliko nilivyowahi kumwona. Jioni moja alinivuta uani.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "mtu asiye na la kuficha huogopa kipimo?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini swali hilo mimi nilikuwa nalo kabla yake. Nilikuwa nimeshaanza kumchunguza mama. Nilitazama picha ya baba ukutani, kisha paji la uso la Cheche, kisha picha tena. Mama akitoka kidogo, nilijiuliza anakwenda kwa nani. Akipokea simu na kushusha sauti, nilisogea karibu na mlango.

Cheche alituona sote. Aliniambia nimwache mama apumue. "Kama baba yangu ni mwingine," akasema, "aje naye apange foleni ya daktari."

Asubuhi moja Cheche aliposhindwa kumeza hata uji, nilimfuata mama jikoni nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mama, Cheche ni mtoto wa baba?"

Alinitazama kana kwamba hanijui. Akaweka sufuria chini, akakaa kwenye kigoda.

"Hilo ndilo mnalofikiri?" akasema. "Ni wa baba yenu. Ingekuwa hilo tu, ningelala usingizi."

Ndipo akanieleza habari za mjomba, kaka yake, ambaye sisi tuliambiwa aliuawa na homa. Uvimbe wake ulikuwa shingoni, palepale. Kwao walikubaliana waseme homa, maana posa ya baba ilikuwa imeshaletwa na hakuna aliyetaka kuoa kwenye nyumba ya uvimbe.

"Hicho kipimo kitasoma kwamba ni mimi niliyempa," akasema. "Sitaki aondoke akilijua hilo."

Nikampeleka kwa daktari siku ileile. Daktari akamwambia kwamba mkatiko huu mtu hazaliwi nao. Ulitokea kwenye seli moja ya Cheche, akiwa mkubwa, na seli hiyo ikazaa nyingine. Hakuupata kwa mama yake. Mama aliuliza tena kwa maneno mengine, akazunguka akauliza tena, kama askari anayemhoji mtu mwongo. Mwisho akatoka, akamwambia Cheche akalale kitandani akatwe.

Kinyama cha pili kilisomeka. Rangi zilikuwa zimeachana mahali pawili, na hiyo ndiyo ile aina kali. Alianzishiwa dawa nzito, uvimbe ukanywea, akarudi karakana kukaa kwenye kiti na kuwasumbua watu kwa amri. Halafu ugonjwa ukarudi kichwani, na safari hiyo hatukuwa na cha kukata.

Tulipotoka kumzika, baba mdogo alinisogelea akauliza kama majibu yale yalisema jambo lingine lolote. Nikamwambia yalisema pamekatika mahali pawili. Akasubiri niendelee. Nikamwacha akisubiri.

Mama hajamwamini daktari hadi leo. Anasema daktari yule naye ni mzazi, angemwambia nini tena? Asubuhi nikiinama kumwamkia, anapeleka mkono chini ya taya langu, anabonyeza upande huu, kisha upande huu. Simzuii. Nabaki nimeinama mpaka amalize.

"Leo hamna," anasema, na kuniruhusu niende kazini.