Mistari Minne Chini ya Diwani

Jina la Mistari nilimpa mimi, tena kwa kejeli. Binti aliajiriwa kwenye ofisi yetu ya vitabu, na wiki ya kwanza tu akaanza kuandika mistari minne mwishoni mwa kila faili. "Ni maagizo kwa programu, shangazi," akanieleza.

Programu tunayoandikia ni ya zamani, haina urembo, lakini inafundishika. Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiifundisha upya kila nikifungua faili: lugha hii, upana huu, usikate mistari. Yeye akayaandika maagizo ndani ya faili lenyewe, ili yeyote akilifungua, kwenye kompyuta yoyote, likae sawasawa. Mzee, mwenye ofisi, akazunguka chumba kizima. "Mnaona? Mnaona?" Nilikuwa naona hadi macho yananiuma.

Nisifiche: nilimwonea wivu, wivu wa kunikatisha hamu ya kula. Mtoto wa juzi, rika la kifungua mimba wangu, ananiamkia kwa adabu zote halafu ananipita kama nimesimama. Na Mzee alikuwa karibu kutangaza msimamizi wa kamusi. Kamusi hiyo nimeingoja tangu mume wangu akiwa na nywele.

Ikaja diwani ya mashairi, yenye mishororo mirefu. Chini kabisa ilikaa mistari minne ya binti, mmoja ukiiamuru programu isikate mishororo. Kazi yangu ilikuwa kuongeza orodha ya maneno magumu. Sasa, programu ile hutafuta maagizo kwenye mstari wa kwanza au karibu na mwisho wa faili tu. Yakizama katikati, inayapita kama maneno mengine. Nililijua hilo kwa sababu Mistari mwenyewe alinifundisha, kwa uvumilivu ulioniudhi. Nikabandika kurasa sita za orodha chini ya mistari yake. Sikufuta hata nukta. Nani angenishika?

Mzee akafungua faili, akarekebisha dibaji, akahifadhi, akampelekea mchapaji bila kutazama katikati. Nakala ya kwanza iliporudi, kila mshororo ulikuwa umekatwa vipande viwili na vina vimetawanyika ovyo.

"Nani?" Mzee aliuliza, nakala mkononi.

Sijamaliza kuuweka uso wangu vizuri, Mistari akasimama. "Ni mimi, Mzee. Maagizo yanakubalika hata mstari wa kwanza. Ningeyaweka pale, yasingezikwa. Nilijua shangazi ataongeza orodha. Ni uzembe wangu."

Mzee akavua miwani. "Miaka yote hii sijamsikia mtu humu akisema 'ni mimi'. Kila siku ni umeme, ni kompyuta, ni panya. Basi, msimamizi wa kamusi nimempata."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nilichimba, mwenzangu akateka maji. Hata kosa langu ananinyang'anya! Nikasimama, na mtu asidhani ilikuwa toba. Ilikuwa wivu mtupu.

"Ni mimi!" nikapaza sauti. "Kosa ni langu! Nimefanya makusudi!"

Mzee akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake. "Kaa, shangazi. Najua unampenda huyu mtoto, lakini usimbebee mzigo wake."

"Makusudi kabisa! Nilijua maagizo yakiwa juu ya orodha hayasomwi!"

"Umeona?" Mzee akamwambia binti. "Huyu ndiye wa kukusaidia kwenye kamusi."

Mistari akanikumbatia, akanilowesha bega kwa machozi. Wenzetu wakapiga makofi.

Sasa kamusi ni yake, mimi ndiye msaidizi, na mbele za watu ananiita mama. Naitika, maana ukweli nimeshausema na hakuna aliyeutaka.