Jiwe la Kulia kwa Mlango

Nililigeuza jiwe la baba yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikalifukia kwa saruji. Sikujua kuwa ni lake. Hilo halinisaidii.

Baba alikuwa bawabu katika jumba la mfalme kwa miaka thelathini na mmoja. Alisimama mahali pamoja, kulia kwa mlango mkubwa, mpaka jiwe likalika chini ya visigino vyake. Alijaribu kunieleza. Mimi nilikuwa nimeacha shule, najifunza uashi, na niliona aibu kuwa mtoto wa mtu anayewafungulia wenzake milango. Akianza tu habari za jumba, nilitoka nje.

Baba akafa. Baadaye jumba likauzwa, likawa hoteli ya watalii, na mimi nikapata kazi ya kutengeneza sakafu ya ukumbi. Mlangoni nikakuta jiwe lenye mashimo mawili.

"Mgeni atajikwaa hapo," msimamizi akasema. "Paweke sawa."

Jiwe la rangi ile halipatikani tena. Nikafanya tunachofanya waashi: nikaling'oa, nikalipindua juu chini, nikachonga upande wa pili ukawa laini, nikalilaza. Kazi ile niliipenda. Hata ncha ya kisu haipiti kwenye maungio.

Mwaka huu hoteli ikatangaza kuwa Jumapili moja wananchi wataingia bure hadi saa sita. Mama akavaa viatu alivyovaa kwenye harusi ya dada yangu.

"Leo nasimama aliposimama mume wangu," akaniambia njiani. "Enzi zile nilikuwa naishia mlango wa jikoni na bakuli lake la chakula."

Tulipoingia, mfanyakazi mmoja wa hoteli, mwanamke mwenye sauti kali, alikuwa anawaonyesha watu taa na viti vya mfalme. Mama yangu hakumjali. Alikwenda moja kwa moja kulia kwa mlango, akavua viatu, akaanza kupapasa sakafu kwa nyayo.

"Mbona pako sawa?"

"Labda ni kushoto, mama."

"Nimezeeka, sijarukwa na akili. Alisema kulia. Mashimo mawili, kisigino kinazama."

Hapo ndipo nilipojua. Ningeweza kunyamaza.

"Mama, jiwe hilo nililigeuza mimi. Mashimo yako chini. Yamejaa saruji."

"Basi ligeuze tena."

"Halitoki. Nililikaza sana. Nikiling'oa litapasuka."

Alinitazama hadi nikainamisha kichwa.

"Wewe mtoto," akasema, "maisha yako yote kazi moja tu umeifanya bila kulipua, na ndiyo hii."

Yule mwenye sauti kali akatusogelea. "Bibi, tafadhali vaa viatu."

"Mwache avae huyu," mama akamjibu, akanielekezea kidole. "Mimi nipo kwa mume wangu."

Alisimama pale peku mpaka saa sita, walipoanza kututoa.

Jiwe moja. Asubuhi moja ya kazi. Miaka thelathini na mmoja ya baba, na hatuna hata picha moja aliyopigwa akiwa pale. Na mama, ambaye tangu nizaliwe alikuwa akiniita mwanangu, sasa ukuta wake ukipata ufa humtuma dada yangu: "Kamwambie yule fundi aje."