Sanduku la Besi Haliwi Tundu la Kuku

Krrr! Kisha kimya. Halafu krrr! nyingine, ndefu kuliko ya kwanza, kama mtu anayechana shuka jipya kwa hasira.

Besi alikuwa bado amefumba macho, lakini masikio yake hayajawahi kujua kulala. Akayaacha yafanye kazi. Hiyo ni selotepu, akajiambia. Na anayeivuta ni mama, kwa sababu dada angekuwa ameshaikata kwa meno. Alipofumbua macho akakuta chumba kimevuliwa nguo. Pazia halipo, misumari imebaki ukutani haina cha kushika, na katikati ya sakafu mama yake amepiga magoti mbele ya boksi, kipande cha selotepu kikining'inia mdomoni.

"Amka, bwana muziki," mama alisema bila kugeuka. "Nyumba inahama, wewe umelala kama bosi."

"Nilikuwa nasikiliza, mama."

"Sikiliza ukiwa umesimama. Kamata hapa."

Walikuwa wanahama kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuvunja vyumba ajenge maduka. Hakuwafukuza, la! Akufukuzaye hakwambii toka. Alianza kwa kung'oa mlango wa choo akidai anaupeleka kwa fundi, na mlango haukurudi. Wiki iliyofuata akaondoa bomba la uani. Mama akaelewa, akampigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, msimamizi wa ghala la saruji, ambaye Besi na dada yake humwita baba mdogo. Baba mdogo akasema vyumba viwili vya uani kwake viko wazi, ni wao tu.

Hadi hapo mambo yalikuwa mazuri. Yaliharibika siku baba mdogo alipokuja kukagua vitu vitakavyohamishwa, kalamu sikioni, kama mtu anayepokea mzigo ghalani. Kitanda, ndiyo. Kabati la vyombo, ndiyo. Kiti cha mama, kile chenye mikono mipana, ndiyo. Akafika kwenye kona ya Besi, akagonga kwa kidole.

"Hili nini?"

"Spika, baba mdogo. Ya besi."

"Naona kabati lenye tundu."

"Ni spika."

Baba mdogo alilizunguka, akapapasa pembe zake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sikiliza, kijana. Kwangu muziki hakuna. Nyumba yangu ina taratibu. Lakini mbao ni nzuri, siwezi kudanganya. Lilete, nitafugia kuku. Tena lina mlango tayari!"

Dada alicheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha wa mkubwa. Mama alitabasamu akiangalia chini. Besi alihisi mate yamegeuka shubiri mdomoni.

"Sanduku hili haliwi tundu la kuku, baba mdogo."

"Basi haliingii kwangu," alisema baba mdogo taratibu, akiirudisha kalamu sikioni. "Na mwenye sanduku achague mwenyewe."

Si kwamba Besi alikuwa mkorofi. Alikuwa mpiga msasa kwenye karakana ya fanicha, kazi ya kumeza vumbi na kunyamaza. Lakini sanduku lile alilitengeneza yeye. Alilitoa kwenye mlango wa kabati lililotupwa na vipande vilivyobaki karakanani, akiunganisha wakati wenzake wakila chakula cha mchana. Hakuna shule iliyomfundisha. Sanduku la kwanza lilikoroma, la pili likapiga chafya, la tatu likapasuka ubavu katikati ya wimbo. Hili lilikuwa la nne. Kabla ya kukata ubao wowote aliugonga kwanza na kutega sikio, mpaka fundi mkuu akawa anamtania: "Wewe kila siku unabisha hodi kwenye mbao. Zitakujibu karibu?"

"Hili limenijibu, fundi," Besi alisema siku alipolimaliza.

Na lilimjibu kweli. Kuna bendi inaitwa Chuma Chakavu, vijana wenye magitaa, ngoma na mwimbaji mwembamba anayevaa koti la baba yake. Walikuwa na kila kitu isipokuwa spika. Basi mashabiki wao walijiwekea desturi: kila shabiki mwenye sanduku hulileta siku ya onyesho, yote yanapangwa kuwa ukuta, na mwenye sanduku husimama mbele. Wengine waliita jambo hilo umaskini. Wenyewe waliliita ukuta. Watu walileta spika za redio, za televisheni, moja ilitolewa kwenye gari bovu. Lakini chini kabisa, pale ukuta unapokanyaga ardhi, lilikaa la Besi. Siku ambayo hakufika, watu walisema muziki ulikuwa kama mtu anayeongea hana meno.

Mgongoni mwa sanduku alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake, shairi alilolitunga akipiga msasa:

*Nimetoka kwenye mbao, sikutoka kwa tajiri,*
*Wanicheke wachekao, mimi sauti hodari,*
*Waje wanibomoao, wataipata habari,*
*Sizimwi na wazimao, ninawaka kwa fahari.*

Sasa siku ya kuhama ikaangukia siku ya onyesho, na si kwa bahati mbaya. Baba mdogo alikuwa amepanga Ijumaa, kisha aliposikia Jumamosi kuna onyesho akasema ghafla kwamba Ijumaa ana wageni.

Jioni ya Ijumaa Besi aliifungua spika yenyewe, lile koni kubwa jeusi, akalizungushia blanketi lisitobolewe na miguu ya viti njiani. Sanduku likabaki mdomo wazi, ndani matambara tu. Asubuhi ya Jumamosi, kati ya krrr na krrr, mama alilitazama.

"Na hili linakwenda wapi?"

"Linakwenda nilipo mimi."

Mama alichungulia ndani ya tundu. "Basi lisiende bure," alisema, akarudi kwenye maboksi yake. Besi hakulitia neno lile maanani. Alikuwa anahangaika na kitanda kilichogoma kupita mlangoni, ingawa kiliingia kwa mlango huohuo.

Pikapu ilifika adhuhuri. Dereva alikuwa rafiki yake, shabiki wa Chuma Chakavu kupindukia, mtu ambaye honi ya gari lake ilikuwa na mdundo. Mpango wao ulikuwa mwepesi: wapite uwanja wa nyuma ya gereji, penye onyesho, wamshushe Besi na sanduku lake, halafu dereva awapeleke mama na dada kwa baba mdogo. Mama alikubali. Akapanda mbele na dada, Besi akakaa nyuma juu ya magodoro, mkono mmoja umekumbatia sanduku.

Walipofika uwanjani, watu walikuwa wamefurika mpaka barabarani. Pikapu ikapenya, ikapenya, ikasimama hatua chache kutoka jukwaani. Injini ikazima.

"Kulikoni?" mama aliuliza.

"Gari limechoka, mama."

"Limechoka gari au umechoka wewe?"

"Mama, sisi wawili ni kitu kimoja."

Nyuma kulikuwa na watu, mbele kulikuwa na watu. Vijana wawili waliomfahamu Besi walikishusha kiti cha mama, kile chenye mikono mipana, wakakiweka kwenye nyasi. "Mama yake Besi asisimame!" wakapiga kelele. Mama alikataa, akakataa tena, kisha akaketi, pochi mapajani, mgongo umenyooka kama yuko ofisini kwa mtu.

Besi alilibeba sanduku hadi ukutani. Mpiga ngoma alikuwa ameshaanza kugonga vijiti kwa kukosa subira. Besi alichungulia ndani ya tundu haraka, akaona nguo. Hakushtuka. Sanduku la besi hujazwa matambara na vipande vya sponji ndani ili sauti isizunguke ovyo, na yeye mwenyewe alikuwa ameyatia. Akalipachika koni, akakaza skrubu, akaunga nyaya.

"Tayari!"

Wimbo ukaanza. Gitaa likaingia, ngoma zikaingia, na besi ilipoingia ardhi ikaitikia. Lakini pamoja na besi kulikuja kitu kingine: *kling, kling, kling-kling!* Chepesi, safi, kwenye kila mdundo. Watu walishangilia. "Wameleta kengele!" Mpiga ngoma akageuka kutafuta nani kaingia kwenye bendi bila kuajiriwa. Besi akabandika sikio ubavuni mwa sanduku. Sanduku lake linapasuka. Mbele ya watu wote.

Ndipo mama aliponyanyuka kutoka kitini.

"Vikombe vyangu!"

Muziki ukakatika.

"Vikombe gani, mama?" Besi aliuliza.

"Vikombe vyangu! Nimevifunga kwenye mashuka, nikavitia humo. Wewe si uliacha tupu? Mimi nitahamaje na boksi tupu?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Besi alitamani ardhi immeze. Vile vilikuwa vikombe vya harusi ya mama, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, ambavyo vilikaa kabatini maisha yake yote vikingoja mgeni mkubwa ambaye hakufika.

Mwimbaji akainama na kipaza sauti chake. "Mama, samahani sana. Tuvitoe?"

Kabla mama hajajibu, sauti nyingine ilitoka nyuma ya pikapu.

"Nilijua! Nilijua!"

Alikuwa baba mdogo, amefika kwa pikipiki, kofia ya plastiki bado kichwani. Alikuwa amempigia dada simu kuuliza wamefikia wapi, akasikia ngoma kabla ya kusikia jibu. Alisimama kati ya magodoro na umati, akaangalia kiti kwenye nyasi, akaangalia sanduku.

"Shemeji, unaona? Mimi natayarisha vyumba, huku vyombo vya kaka yangu vinapigwa ngoma. Vitoeni kabla havijawa unga. Na hilo tundu lipakiwe. Leo hii naligeuza nyumba ya kuku, maneno yaishe."

Watu wa mbele wakageuka. Besi alikuwa bado ameshika bisibisi. Angeweza kuomba. Alilijua neno lenyewe. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. *Naomba, baba mdogo.* Akalimeza.

"Baba mdogo, nyumba ni yako, sibishi. Geti ni lako, taratibu ni zako. Lakini hili ni langu, kila ubao. Halitakuja kwako. Wala mimi sitakuja."

"Utalala wapi, shujaa?"

"Karakanani. Fundi mkuu anatafuta mtu wa kulala pale."

"Juu ya maranda ya mbao!"

"Maranda ni godoro la fundi."

Mtu mmoja akapiga mluzi. Baba mdogo akamgeukia mama, na sauti yake ikapungua ukali, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mizigo isiyojibu. "Shemeji, mwambie mwanao. Wewe ndiye mkubwa hapa."

 Mama aliliangalia sanduku, kisha mwanawe, vumbi la mbao halijatoka hata kwenye nyusi zake. Besi aliishusha bisibisi. Mama akisema litoke, litatoka. Hilo alilijua pia.

"Ninyi," mama aliwaambia wa jukwaani, "endeleeni."

"Na vikombe, mama?" mwimbaji aliuliza.

"Vimo kwenye mashuka. Tangu vinunuliwe havijawahi kualikwa popote. Leo vimealikwa."

Kelele iliyofuata haisimuliki. Mwimbaji akalizunguka sanduku, akayaona maandishi meupe, akayasoma kwenye kipaza sauti mstari kwa mstari, na umati ukaudaka wa mwisho na kuurudisha jukwaani: *Sizimwi na wazimao, ninawaka kwa fahari!* Besi ikanguruma, vikombe vikaitikia kling-kling. Mama aliketi tena, mgongo umenyooka vilevile, ila mguu mmoja ukaanza kugonga nyasi bila ruhusa yake. Baba mdogo alisimama na kofia yake hadi wimbo wa mwisho. Ndiyo, mikono alikunja. Lakini hakuondoka.

Jua lilikuwa bado juu walipofungua koni. Vikombe vilitoka kimoja kimoja mikononi mwa dada, na kila kilipotoka kizima watu walipiga makofi. Kimoja tu kilikatika mkono. Mama alikigeuza, akakifuta kwa kiganja, akakiweka kwenye pochi.

Kisha akamwambia dereva, "Mimi na binti yangu tunakwenda kwa shemeji. Kitanda, kabati, magodoro, vyote huko. Sanduku na kiti changu vipeleke karakanani."

"Kiti tena?" baba mdogo alishangaa. "Shemeji, kiti kwangu kina nafasi."

"Najua kina nafasi, shemeji. Nashukuru, na vyumba vyako nitavifagia kila asubuhi. Lakini kiti changu hakikai mahali mwanangu amekatazwa."

 Baba mdogo akajitia kurekebisha mkanda wa kofia.

Besi alikuwa amekiinua kiti kichwani.  Akakiweka kiti chini tena, juu ya nyasi, akashika mikono yake mipana, akasema kwa sauti ya kusikiwa na dereva, na dada, na baba mdogo, na kila aliyekuwa bado anakunja nyaya:

"Mama, nakuahidi hapahapa. Kiti hiki hutakikalia tena kwa hisani ya mtu. Nitapanga chumba kwa jasho langu. Sanduku litaingia kwanza, vikombe vitafuata, kisha utaingia wewe, uketi, uchague wimbo. Na baba mdogo tutamwalika chai. Atanywea kikombe hicho kisicho na mkono."